Ahadi Tatu Chini ya Kausi

Miongoni mwa ahadi za kidola zilizowashughulisha wanajimu ni ile barua fupi ambayo Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alimwandikia Lord Rothschild tarehe 2 Novemba 1917, akimjulisha kwamba serikali ya mfalme inaitazama kwa radhi azma ya kuwapatia Wayahudi makazi ya kitaifa katika Palestina, pasipo kudhuru haki za kiraia na za kidini za wenyeji wa nchi ile wasiokuwa Wayahudi. Na kwa kuwa siku ile jua lilikuwa katika buruji ya Akarabu, yaani nge, hawakosekani wa kusema kwamba sumu yote iliyofuata ilikuwa imekwisha kuandikwa mbinguni kabla ya wino kukauka karatasini.

Hoja hii ina utamu wake, na kwa msomaji wa pwani yetu ina utamu maradufu, maana hapa kwetu, tangu vijiji vya Ruvu na Mlandizi upande wa Kibaha hadi Maneromango na Mzenga upande wa Kisarawe, ni nadra kumpata mtu mzima asiyepata kusikia habari za nyota njema na nyota nzito, siku ya saadi na siku ya nuhusi, safari iliyoahirishwa kwa sababu mwezi umeingia Akarabu, au arusi iliyosogezwa mbele kwa ushauri wa mwalimu mwenye kitabu. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, alisikilizwa na kusomwa kote Afrika Mashariki, na maneno yake juu ya mambo ya dola yalijadiliwa na watu wa vyeo na watu wa vijiweni sawasawa. Basi sioni haya kulizungumza jambo hili gazetini kwa uzito unaolistahiki, na ninalotaka kusema ni hili: nyota haziwezi kutueleza kwa nini ahadi moja ya kidola ilitimizwa na nyingine ikageuka mtego, na sisi wa wilaya hizi, tuliozipata ahadi za namna zote mbili, hatuna haja ya kwenda Palestina kutafuta ushahidi.

Kwanza ni haki kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya kwa jina moja. Elimu ya falaki imewafaa mababu zetu kwa karne nyingi, na ingali inatufaa: kwayo msikiti hujengwa ukaelekea kibla, kwayo nyakati za sala hupangwa na mwezi wa Ramadhani hungojewa, kwayo manahodha walivuka bahari usiku wakafika bandarini salama, na mkulima wa Uzaramo, kabla kalenda ya ukutani haijaingia nyumbani mwake, alikitazama Kilimia ili ajue majira ya kulima na kupanda yamefika au bado. Elimu hiyo ni hesabu na uangalizi, na mtu yeyote mwenye macho na subira aweza kuihakiki mwenyewe. Jambo la pili ni hukumu za nyota, yaani ile itikadi kwamba Zuhali na Mirihi huleta nakama, na Mushtara na Zuhura huleta heri, na kwamba saa ya kuzaliwa kwa mtu, mji au mkataba imebeba hatima yake yote. Hilo si hesabu tena, ijapokuwa huvaa nguo za hesabu. Na Ibn Khaldun, aliyekuwa kadhi na mwanahistoria, alilitengea mlango mzima katika Mukadima yake ili kulibatilisha.

Natupige hesabu moja, tuone namna mwalimu wa falaki afanyavyo kazi yake. Mteja huketi mkekani, akaulizwa jina lake na jina la mama yake, wala si la baba. Majina yale huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kila herufi hugeuzwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi. Akiwa ni Muhammad mwana wa Fatima, basi mimu ni 40, hee ni 8, mimu tena 40 na dali ni 4, jumla yake 92. Na katika Fatima, fee ni 80, alifu 1, twee 9, mimu 40 na hee ya mwisho 5, jumla yake 135. Zikijumlishwa zote hupatikana 227, ambazo hutolewa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zibaki 11, na buruji ya 11 tukianzia Hamali ni Dalu, yaani ndoo; hapo ndipo mwalimu hufungua kitabu chake na kusoma tabia, maradhi, biashara na ndoa za mwenye nyota hiyo. Utaratibu ni safi, hesabu haina kosa, na watu wawili walioisoma kwa mwalimu mmoja watafika jibu moja.

Lakini mama wa mkataba ni nani? Je, ni ile vita iliyowachosha waliotia sahihi, ama ni tamaa ya mmoja na hofu ya mwenzake, ama ni lile baraza lililoupigia kura? Mkataba haukutoka tumboni mwa mtu, na kwa hiyo wanajimu wanaoshughulika na mambo ya dola hulazimika kuiacha abjadi na kushika tarehe, wakitazama jua lilikuwa wapi, mwezi ulikuwa wapi, na buruji ipi ilikuwa ikichomoza mashariki saa kalamu ilipogusa karatasi. Tuwafuate basi kwa tarehe, tena kwa tarehe za nchi hii.

Tarehe 29 Novemba 1884, katika kijiji cha Msovero nchini Usagara, ambayo leo ni sehemu ya Kilosa, Carl Peters alimfanya Mangungo, ambaye waraka wenyewe ulimwita sultani, kutia alama yake katika mkataba ulioitwa wa urafiki wa milele, ambao ndani yake, kwa zawadi na maneno ya kupendeza, mzee yule alihesabiwa kuwa ameitoa nchi yake yote pamoja na kila haki iliyomo kwa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Peters alikuwa ameingia bara kutokea Saadani, katika mkoa huu huu wa Pwani, na katika majuma machache alikusanya mikataba ya namna ile katika Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, akarudi pwani nayo mfukoni; na tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser akaitilia barua ya himaya. Seyyid Barghash wa Unguja alipopinga, manowari za Kijerumani zikaja kutia nanga mbele ya kasri lake mwezi wa Agosti mwaka ule ule, naye akanyamaza. Alama ya Mangungo ilitiwa kwenye karatasi ya lugha asiyoijua, juu ya jambo ambalo desturi ya watu wake haikumpa mamlaka ya kuliuza.

Siku ile jua lilikuwa katika Kausi, buruji ya upinde, ambayo bwana wake ni Mushtara, nyota ya makadhi, ya maulamaa na ya maagano ya haki. Kwa kitabu cha falaki, mtu akitaka kufunga ahadi ya kudumu hawezi kuombea jua lake mahali pazuri kuliko hapo.

Sasa tuvuke miaka sitini na miwili. Baada ya vita kuu ya pili, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeandika katika Hati yake, kifungu cha 76, kwamba nchi zitakazowekwa chini ya udhamini zitaendelezwa hatua kwa hatua kuelekea kujitawala au kupata uhuru, kwa kadiri ya hali ya kila nchi na matakwa yaliyoelezwa kwa hiari na watu wake. Tarehe 13 Desemba 1946 Baraza Kuu likaupitisha mkataba wa udhamini wa Tanganyika, na Uingereza, ambayo tangu vita vya kwanza ilikuwa ikiitawala nchi hii kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, ikawa imefungwa na neno ambalo dhamana ile ya kwanza haikulisema kwa uwazi huo. Hii kwangu ndiyo ahadi kubwa kuliko zote za kidola zilizopata kutolewa juu yetu, nasi hatukuwamo katika baraza lile hata mmoja wakati inatolewa. Siku ile nayo jua lilikuwa katika Kausi.

Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhuka na ya kijani, nyeusi na dhahabu ikapanda katika uwanja wa taifa Dar es Salaam, ahadi ile ya 1946 ikawa imetimizwa. Na jua, kwa mara ya tatu katika habari hii, lilikuwa katika Kausi.

Ghiliba ya Msovero, dhamana ya Umoja wa Mataifa na utimizo wake vyote vimekaa chini ya upinde mmoja na bwana mmoja wa nyota. Mtu akiniambia kwamba barua ya Balfour iliharibika kwa sababu ilizaliwa katika nge, nitamwuliza ni kitu gani basi kilichomharibikia Mangungo, ambaye ahadi yake ilizaliwa katika nyumba ya uadilifu.

Mnajimu mzoefu hatakosa la kujibu, na ni insafu tumsikilize. Atasema kwamba jua peke yake halitoshi, kwamba yataka kujua tali, yaani buruji iliyokuwa ikichomoza, na mahali pa mwezi, na Zuhali alikuwa akimtazama nani. Jibu hili lingekuwa na nguvu kama tungejua ahadi huzaliwa lini. Ile ahadi ya uhuru wetu ilizaliwa siku gani? Hati ya Umoja wa Mataifa ilitiwa sahihi San Francisco tarehe 26 Juni 1945, jua likiwa katika Saratani. Ikaanza kutumika tarehe 24 Oktoba mwaka ule, jua likiwa limeingia tu Akarabu. Ernest Bevin, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akatamka London tarehe 17 Januari 1946 kwamba serikali yake itaiweka Tanganyika chini ya udhamini, jua likiwa katika Jadi. Na mkataba wenyewe ukapitishwa mwezi wa Desemba, katika Kausi. Kaa, nge, mbuzi na upinde, vyote ni vyeti vya kuzaliwa vya ahadi moja, na kila kimoja kina tali yake, mwezi wake na Zuhali wake. Mwenye kujua mwisho wa mambo atachagua cheti kinachofanana na mwisho huo, na hivyo ndivyo ifanyikavyo aghalabu: kwanza tukio, kisha nyota zake.

Fauka ya hayo, hata mbingu zenyewe hazihesabiwi namna moja. Kwa hesabu ifuatwayo na wanajimu wa Kihindu, ambao jamaa zao wamekaa nasi Dar es Salaam na Bagamoyo kwa vizazi vingi, jua huingia Kausi katikati ya Desemba, wala si mwishoni mwa Novemba. Basi kwao tarehe zangu tatu zote zinahama pamoja na kuangukia Akarabu, na uhuru wetu pia unakuwa mtoto wa nge. Wanajimu hao hao wa India walitangaza kwamba mapema Februari 1962, jua, mwezi na sayari tano zitakapokusanyika katika buruji moja, dunia itapatwa na maangamizi, na maelfu ya watu wakakesha katika maombi; kusanyiko likatukia kweli kama lilivyohesabiwa, maana hesabu haikuwa na kosa, na Tanganyika iliyokuwa na umri wa miezi miwili ikaamka asubuhi yake ikaendelea na kazi.

Mfano ulio mkubwa kuliko wote ni wa Baghdad. Khalifa al-Mansur, alipotaka kuujenga mji wake mwaka 762, aliwakusanya wanajimu hodari wa zama zile, akina Nawbakht na Masha'allah, nao wakamchagulia saa ambayo Kausi ilikuwa ikichomoza na Mushtara mwenyewe yumo ndani yake, wakambashiria kwamba hapana khalifa atakayefia katika mji ule. Mwaka 813 khalifa al-Amin, mjukuu wa mwana wa al-Mansur, aliuawa humo humo, na mwaka 1258 Wamongolia wakaingia, wakamwua al-Musta'sim na kuufanya mji kuwa magofu. Hapana mkataba wala mji wa leo utakaopata wanajimu bora kuliko wale.

Ikiwa si nyota, ni nini basi kilichoitenga ahadi ya 1946 na ile ya 1884? Nionavyo, ahadi ya 1946 ilikuwa na mlango. Mtawala alilazimika kupeleka taarifa kila mwaka mbele ya Baraza la Udhamini. Wajumbe wa Baraza walikuwa wakija kuikagua nchi. Na mwananchi yeyote aliyedhulumiwa aliruhusiwa kuandika au kwenda mwenyewe kulalamika. Mlango ule haukuwa mpana. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao igawiwe walowezi, Japhet Kirilo alisafiri hadi New York mwaka uliofuata akawasemea watu wake kwa Kiswahili mbele ya dunia, akasikilizwa kwa huruma, na ardhi haikurudi wakati ule. Lakini tangu siku ile kila mtu katika Tanganyika aliyekuwa na masikio alijua kwamba iko karatasi, na kwamba ina mahali pa kusomewa.

Na hapa ndipo vilima vyetu vinapoingia katika habari. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko pale Pugu, katika vilima vile vile vinavyopanda hadi Minaki na Kisarawe, na kutoka huko alishuka mara kwa mara kwenda Dar es Salaam, na wakati mwingine kwa miguu kama wazee wanavyosimulia, kwa shughuli za chama cha TANU kilichoasisiwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka ule wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipita, wakaandika kwamba nchi hii yaweza kujitawala katika muda wa miaka ishirini hadi ishirini na mitano, na serikali ya Gavana Twining ikachukizwa na neno lile. Tarehe 7 Machi 1955 mwalimu wa Pugu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, akawakumbusha waliotoa ahadi kwamba wametoa ahadi, akataka itamkwe kwamba serikali ya Tanganyika ya kesho ni ya Waafrika. Na mwezi ule ule, aliporudi, akaambiwa achague baina ya ualimu na siasa, akajiuzulu. Miaka ishirini na mitano ikawa sita na miezi. Huyu hakungoja Mushtara aingie katika nyumba yake. Aliishika ile ahadi akaidai kwa sauti mbele ya wenyewe.

Kibaha nayo ina ahadi yake ya kidola, ambayo kwa bahati mbaya vijana wengi wanaopita barabara ya Morogoro hawaijui. Nchi hii ilipopata uhuru na kuutangaza ujinga, maradhi na umaskini kuwa maadui wake watatu, Denmaki, Finlandi, Norwe na Uswidi ziliafikiana na serikali yetu kujenga kwa pamoja mahali pamoja patakapopigana na maadui wale watatu, na mwaka 1963 mradi ukaanza katika pori lililokuwa kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Huo ulikuwa mradi wa kwanza wa msaada ambao nchi zile ziliufanya kwa umoja wao. Zilisema zitajenga shule ya sekondari, zikaijenga; zilisema kituo cha afya, kikajengwa pale Tumbi, na leo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa; zilisema chuo cha kuwafunza wakulima, kikafunguliwa. Na zilisema neno moja gumu kuliko yote kwa mfadhili kulisema, kwamba zitakuja siku zitaondoka na kuwaachia wenyewe. Na tarehe 10 Januari 1970 zikakabidhi kila kitu kwa serikali ya Tanzania. Jua lilikuwa katika Jadi, buruji ya Zuhali, ambayo vitabu vya falaki huihesabu kuwa ya baridi, uzito na ucheleweshaji. Mimi naona fahari kwamba makao ya mkoa wetu yamekua kandokando ya ahadi iliyotimizwa, na naona uchungu kwamba hatuifundishi habari yake kwa watoto kama tunavyowafundisha ya Mangungo, maana aliyeonyeshwa ahadi iliyovunjwa peke yake atadhani ahadi zote ni za namna hiyo, na mtu wa namna hii ndiye aendaye kuuliza nyota.

Kisarawe nayo yapitwa na reli ya TAZARA, yenye kituo chake Mzenga. Mkataba wake ulitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967, baada ya mataifa ya magharibi kusema kwamba reli ile haina faida. China ikatoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, na tarehe 14 Julai 1976 kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi zikakabidhiwa. Hali ya reli ile leo ni mazungumzo mengine. Ahadi ya kuijenga ilikuwa na kiasi, na kazi yake ilionekana kwa macho kila mwezi.

Na Kisarawe hiyo hiyo ina ahadi ya namna nyingine, iliyo karibu nasi kwa miaka hata ingali ikiwauma waliohusika. Kampuni moja iliyotoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji kadhaa kwa ajili ya kulima mibono ya kutengenezea mafuta ya mitambo. Wanavijiji walisikia juu ya ajira, visima, zahanati, barabara na madarasa, wakaridhia. Na ahadi nyingi kati ya hizo zilikuwa za mdomo, zilizotolewa mkutanoni na kupigiwa makofi. Mwaka 2011 kazi ilisimama, ajira zikakatika, na watu wakabaki wakitazama ardhi iliyokwisha kutoka mikononi mwao, pasipo waraka wa kumwonyesha hakimu. Mangungo alipewa karatasi pasipo maneno anayoyaelewa. Wenzetu wa Kisarawe walipewa maneno wanayoyaelewa pasipo karatasi. Baina ya misiba hiyo miwili kuna zaidi ya karne moja na vita ya Majimaji, ambayo nayo ilifika Uzaramo mwaka 1905 kwa ahadi ya maji yatakayogeuza risasi, na watu wengi wakafa kwa kuiamini.

Simlaumu mzee anayekwenda kwa mwalimu wa falaki kuuliza kama mwekezaji huyu ana nia njema. Huenda kwa sababu hapana mwingine aliyemjibu, na kwa sababu mkekani pale husikilizwa kwa adabu, huulizwa jina la mama yake, na hupewa jibu lililo wazi, mambo ambayo katika ofisi nyingi hayapati. Lawama yangu ni kwa wale walio na karatasi na hawaionyeshi, na kwa sisi tulioelimishwa, waandishi na walimu tukiwamo, ambao tunazijua habari za Balfour na Berlin kuliko tunavyovijua vifungu vinavyomlinda jirani yetu.

Maana vifungu vipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 4, inasema kwamba ardhi ya kijiji isihamishwe kuwa ardhi ya kawaida mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na wakati wa kuilipa vimekwisha kukubaliwa. Inampa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika jambo hilo, na eneo likizidi hekta 250 inamtaka waziri mwenyewe aseme neno lake baada ya kuzisikia hoja za wanakijiji. Reli mpya inapita Soga, bandari kavu iko Kwala, viwanda vinaongezeka Kibaha kila mwaka, na mji wa Dar es Salaam unapanda vilima vya Kisarawe kwa kasi tuionayo sote; ahadi zitakuja, nyingine kutoka dola za mbali na nyingine kutoka kwetu wenyewe. Ndugu msomaji wa wilaya hizi mbili, mkutano ukiitishwa kijijini kwako, nenda. Hakikisha kila kinachoahidiwa kinaandikwa katika muhtasari kwa Kiswahili, pamoja na kiasi na tarehe. Mwombe mtendaji wa kijiji nakala yenye sahihi na muhuri kabla hujaondoka. Na kama nakala haipo, usinyanyue mkono.